Ascension yangu haifanani na ile ya mtandaoni. Ni feki?

Santuri33:
Wakuu, salaam. Naombeni msaada kwa mnaoijua jazi huria (free jazz). Nimepata santuri ya zamani ya Ascension ya mpuliza saksafoni John Coltrane, lebo ya Impulse. Nimeicheza huku nikilinganisha na ile niliyoizoea kwenye simu, hazifanani. Ya simu, karibu na mwisho Elvin Jones anaachiwa ngoma peke yake. Ya kwangu sehemu hiyo haipo: besi mbili zinamaliza maongezi yao, kisha kundi zima linarudi. Nimeuziwa feki?

La pili, wanapopuliza wote kwa pamoja sijui nishike wapi. Muziki naupenda, lakini nazama. Wenzangu mnasikilizaje?

Mzee wa Majalada:
Mkuu, tulia, hujaibiwa. Tarehe 28 Juni 1965 Coltrane na wenzake kumi waliingia studio ya fundi wa kurekodi Rudy Van Gelder, Englewood Cliffs, New Jersey, wakaupiga utungo huo mara mbili, kila mara mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1966 Impulse wakatoa mojawapo. Baadaye Coltrane akaona anayoitaka ni ile nyingine, basi ikabadilishwa ndani ya jalada lilelile. Walionunua mapema wanayo ile sehemu ya Elvin akiwa peke yake, waliofuata hawana.

Chukua tochi, inamisha santuri, angalia ile sehemu laini kati ya mfereji wa mwisho na karatasi ya katikati. Pana herufi ndogo sana. Ukisoma EDITION II, yaani toleo la pili, jibu umelipata. Ukiona na muhuri wa VAN GELDER, ujue ni Rudy mwenyewe aliyeichonga, na nakala kama hiyo mimi siachani nayo hata jalada likiwa limechanika.

Kuhusu kuzama: usimfuate Coltrane, mfuate Elvin. Weka sikio kwenye toazi lake na usilitoe. Saksafoni tano na tarumbeta mbili zikivurumisha juu yake, yeye bado anakwenda mbele, na utagundua kuna mpango: kundi zima, mtu mmoja, kundi zima, mtu mmoja. Anatangulia Coltrane, anafuata Dewey Johnson wa tarumbeta, halafu Pharoah Sanders wa saksafoni anayeunguruma hadi unahofia spika, halafu Freddie Hubbard wa tarumbeta. Hapo kwa Hubbard pumzika. Sentensi zake bado zina mwanzo na mwisho, na ukishamwelewa yeye utakuwa na mahali pa kusimama ili uwasikie wengine. Miaka yote hii naisikiliza na bado Marion Brown na John Tchicai, wote wawili wa saksafoni ya alto, wananifunulia mambo mapya.

Binti wa Besi:
Mzee wangu, shikamoo. Nakubali kuhusu Elvin, ila mimi mtu anayezama nampeleka kwanza kwa Ornette Coleman wa saksafoni, santuri yake Free Jazz, iliyorekodiwa tarehe 21 Desemba 1960. Ni makundi mawili ya watu wannewanne, kila moja na spika yake. Kushoto wapo Ornette, Don Cherry wa tarumbeta, Scott LaFaro wa besi na Billy Higgins wa ngoma. Kulia yupo Eric Dolphy na klarineti ya besi, Charlie Haden wa besi, Ed Blackwell wa ngoma, na Hubbard huyohuyo.

Zungushia balansi kushoto kabisa, sikiliza. Rudia kulia kabisa. Kisha rudisha katikati. Besi ndizo zitakazokuonyesha njia: LaFaro anapanda juu, vidole vinakimbia, na Haden anabaki chini, noti nene, hana haraka. Mtu akishawasikia hao wawili wakijibizana, neno "kelele" hulisikii tena kinywani mwake.

Ila kabla ya kununua soma namba ya jalada. SD 1364 ni stirio. 1364 bila SD ni mono, na huko makundi yote mawili yamewekwa pamoja, hiyo mbinu haifanyi kazi.

Santuri33:
Nimeangalia kwa tochi: EDITION II, imeandikwa kwa mkono. Asanteni sana! Nimemfuata Elvin upande wote wa kwanza. Bado ni mzito, lakini sasa najua nani anaingia na nani anatoka. Dada, Free Jazz naitafuta, ya SD. Baada ya hapo niende wapi?

Mzee wa Majalada:
Marahaba, binti. Hilo la mono ni la muhimu, wengi hawaliangalii.

Santuri33, nenda kwa Albert Ayler wa saksafoni, santuri yake Spiritual Unity, ya lebo ya ESP-Disk, iliyorekodiwa 1964. Watu watatu tu, na ni fupi. Lakini humo ile mbinu yangu ya ngoma iache mlangoni. Sunny Murray, mpiga ngoma, hahesabu mapigo, matoazi yake yanatetema tu mfululizo. Mshike Gary Peacock wa besi. Santuri inafunguliwa na "Ghosts" na kufungwa na "Ghosts": wimbo mwepesi, hata mtoto anaweza kuuimba. Ujifunze kwanza uweze kuuimba mwenyewe bila santuri, halafu ndipo usikilize Ayler anavyouvunja mara ya kwanza na anavyouvunja mara ya pili. Hazilingani hata kidogo.