Skana ya mkononi kando ya bahari: betri, chumvi na chaneli za meli

Mkaazi wa Kizingo

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Kaka yangu aliyeko Muscat ameniachia skana ya mkononi, yaani redio ya kusikiliza tu inayopitia chaneli nyingi, aina ya Uniden UBC125XLT, na nia yangu ni kusikiliza meli zinazopita katika lango la Kilindini, kwa kuwa naziona kila siku kutoka nyumbani bila kujua zinaambiwa nini. Yapo mambo matatu yanayonitatiza. Kwenye springi za betri kuna unga mweupe na ukijani, na redio huzimika nikiitikisa. Tena, katika baadhi ya chaneli namsikia nahodha akijibu, lakini aliyemwuliza simsikii kabisa, ilhali huyo ndiye aliye nchi kavu. La mwisho, ningependa kujua sheria yetu ya Kenya inasemaje kuhusu kifaa hiki.

Fundi Redio Tanga

Wa alaykum salaam, ndugu. Anza na betri, maana hapo ndipo skana nyingi za Pwani zinapofia. Unga mweupe ni dalili ya betri za alkali zilizovuja, na majimaji yake huunguza ngozi, kwa hiyo vaa glavu, uuondoe kwa mswaki mkavu, kisha upitishe pamba iliyoloweshwa siki kidogo sana, na umalizie kwa spiriti safi ili unyevu wote utoke. Iache ikauke kivulini siku nzima kabla ya kurudisha betri. Ikiwa kutu imeshakula springi hadi ikawa nyembamba, kusafisha hakutafaa. Itabidi fundi aibadilishe.

Sasa tazama ndani ya sehemu hiyo ya betri: kuna swichi ndogo ya kuchagua kati ya betri za alkali na zile za kuchaji. Watu wengi hawaigusi, na madhara yake ni makubwa. Ukiacha swichi upande wa betri za kuchaji huku ndani umeweka za alkali, kisha ukachomeka waya wa USB, skana itajaribu kuzichaji betri zisizochajika, nazo zitapata joto, zitavuja, na zinaweza hata kupasuka. Nakushauri utumie betri za kuchaji za aina ya NiMH peke yake na swichi uiache hapo daima. Usishangae zikionyesha volti 1.2 badala ya 1.5, ndivyo zilivyoundwa, na skana hii imetengenezwa kuzikubali.

Kuhusu chumvi: kila ukirudi kutoka ufukweni, ifute kwa kitambaa chenye unyevunyevu wa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, halafu kwa kingine kikavu, na usisahau pale antena inapojifungia, kwa sababu kutu ya mahali hapo hupunguza usikivu polepole na mwenyewe asitambue. Usipoitumia kwa muda, toa betri na uiweke katika kopo lenye mfuniko mzuri pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Baharia Mstaafu

Swali lako la pili lina jibu jepesi. Chaneli za bahari ni za namna mbili. Katika namna ya kwanza, meli na kituo cha nchi kavu huzungumza katika masafa yaleyale, yaani namba ileile ya mawimbi ya redio, kama chaneli 16, ambayo ni megahezi 156.800, au chaneli 12, ambayo ni megahezi 156.600. Katika namna ya pili kila upande una masafa yake, na kituo cha nchi kavu hurusha megahezi 4.6 juu ya meli. Chukua chaneli 26: meli hutumia 157.300 na kituo hutumia 161.900. Wewe umeingiza masafa ya meli peke yake, kwa hiyo mazungumzo yanakufikia nusu. Hifadhi masafa yote mawili katika nafasi mbili zinazofuatana, na zote ziwe katika FM, yaani namna ya kubeba sauti inayotumiwa na meli. Chaneli 70 usihangaike nayo, kwani hubeba ishara za kidijitali, na utakachosikia ni mlio mfupi tu.

Chaneli 16 ipe kipaumbele, ili skana iirudie hata inapopitia nyingine. Hiyo ndiyo chaneli ya wito na ya dharura, na mtu aliye katika mashua inayozama huita hapo. Endapo utasikia Mayday, yaani wito wa kuomba kuokolewa, na husikii anayejibu, andika jina la chombo, mahali kilipo na idadi ya watu, kisha uwapigie simu wahusika wa uokoaji hapo Mombasa bila kuchelewa. Nawaomba wote wenye skana walizingatie jambo hili kwa dhati.

Wakili wa Nyali

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya mwaka 1998 inahitaji leseni kwa vifaa vya mawasiliano ya redio, kwa hiyo fika kwanza kwa Mamlaka ya Mawasiliano ukaulize kuhusu kifaa chako kwa jina lake kamili, na jibu ulipate kwa maandishi. Vilevile, kanuni za kimataifa za redio zinazitaka nchi zizuie watu kunasa mawasiliano yasiyokusudiwa umma na kuyatangaza. Kwa hiyo usirekodi unayoyasikia ukayatuma katika makundi ya WhatsApp. Usisimame na antena ndefu karibu na bandari au eneo la jeshi la majini, kwani askari atakayekukuta ana haki ya kukuhoji.

Mkaazi wa Kizingo

Nimewashukuru sana. Nimeikuta swichi, na kwa hakika ilikuwa upande usiofaa. Niongeze moja: je, nikipanda juu ya paa nitasikia mbali zaidi? Na ninapojaribu masafa ya ndege za uwanja wa Moi, mbona kuna mvumo mkali usioisha?

Fundi Redio Tanga

Paa litakusaidia sana, kwa sababu mawimbi haya hayapindi kufuata mviringo wa dunia. Ukiwa na antena mita 2 juu ya ardhi na meli yenye antena ya mita 25, mnaonana kwa takriban kilomita 26. Ukipanda hadi mita 16, hufika 37. Ndege iliyo mita 10,000 utaisikia hata ikiwa zaidi ya kilomita 400, ingawa mwongozaji wake aliye chini hutamsikia.

Mvumo unatokana na AM, namna nyingine ya kubeba sauti, ambayo ndege hutumia na ambayo hupokea kila uchafu wa umeme. Chomoa chaja za simu na uzime taa za LED moja baada ya nyingine mpaka umpate mkorofi. Ukinunua antena ya kuvuta, ivute sentimita 60 kwa ndege na karibu 47 kwa meli, ambayo ni robo ya urefu wa wimbi katika kila hali. Usiipande hiyo paa wakati wa radi.