Manifold: kitanzi kinaisha papo hapo, to_mesh() inakwama. Kwa nini?

Swali
Wakuu, bamba ni mm 200 × 200 × 4, lina matundu 400. Natumia manifold3d (maktaba ya Manifold ya kuunda na kukata maumbo ya 3D) kwenye Python:

```
tundu = Manifold.cylinder(6, 3, circular_segments=64)
for x in range(20):
    for y in range(20):
        bamba = bamba - tundu.translate([5+10*x, 5+10*y, -1])
```

Nikipima muda, kitanzi hakili chochote. Muda wote unaishia kwenye to_mesh(). Kutengeneza meshi (wavu wa pembetatu unaounda uso wa umbo) ndiko kuzito hivyo?

Jibu 1
Hapana mkuu, to_mesh() inasingiziwa. Ile alama ya kutoa haikati kitu, inaandika tu kwenye mti (mpangilio wa kazi zinazosubiri) kwamba hiki kitolewe kwenye kile. Hata translate ni matriki (jedwali la namba za kuhamisha umbo) iliyobandikwa kwenye silinda ileile. Kazi inalala mpaka uulize jambo lisilojibika bila umbo lenyewe: status(), num_tri(), volume(), to_mesh(). Anayeuliza wa kwanza ndiye anayebebeshwa deni lote. Ukitaka kupima kwa haki, ita bamba.status() kabla ya kusimamisha saa.

Ila usiweke print(bamba.num_tri()) ndani ya kitanzi! Utalazimisha ukataji mara 400, na kila raundi bamba lina pembetatu nyingi kuliko raundi iliyopita.

Jibu 2
Kusanya silinda kwenye orodha, kisha:

```
bamba = Manifold.batch_boolean([bamba] + matundu, OpType.Subtract)
```

Wa kwanza ndiye anayekatwa, waliobaki wanakata. Kati ya tundu na tundu una mm 4, kwa hiyo silinda hazigusani. Kuziunganisha ni kuziweka pamoja tu, bila kutafuta makutano. Na hiyo -1 iache: silinda ichomoze juu na chini, nyuso zisilaliane.

Muuliza swali
Imekubali. Sasa nimebadilisha silinda nikaweka umbo la faili la STL (faili la umbo la 3D lililoandikwa kama pembetatu), bamba zima limetoweka. Hakuna hitilafu iliyoonekana.

Jibu 1
Hitilafu ipo, imebebwa kimya ndani ya umbo, na kila kinachozaliwa nalo kinairithi. Uliza status() mara tu baada ya kusoma faili, usingoje mwisho. Ikitoka Error.NotManifold, mkosaji wa kwanza ni STL yenyewe: kila pembetatu ina nukta zake tatu, haishirikiani na jirani, hivyo meshi haijafungika. Ita merge(), inayounganisha nukta zinazolingana, kwenye Mesh kabla ya kuipeleka kwa Manifold. Ikigoma bado, huenda faili lina mwanya halisi. Rudi kwenye programu iliyolitoa ukalizibe huko.