Korido ya kuingilia, nyumba ya zamani: rangi inabanduka chini, vigae vinalia debe tupu. Nianzie wapi?

Kizingiti
Habari wakuu. Korido ina urefu wa mita 4, upana 1.4, dari lipo mita 2.8. Ukuta ni wa mawe na chokaa, ila kuna mtu aliupiga lipu ya saruji kutoka sakafuni hadi kama mita 1. Hapo ndipo rangi inabanduka na kutoa unga mweupe, nikiukwangua unarudi. Vigae ni vya 20 kwa 20, na baadhi vinalia debe tupu ukivigonga. Kuna milango minne. Wa mbele unafungukia ndani na chini yake kuna nafasi ya milimita 12. Nawaza kupiga puti ukuta wote, rangi mpya, vigae vipya juu ya vya zamani, kisha kioo na ndoano. Mnaonaje mpangilio, na vifaa kiasi gani?

PimaMaji
Mkuu, puti iweke kando kwanza. Huo unga ni chumvi inayobebwa na maji ndani ya ukuta: maji yanakauka, chumvi inabaki na kusukuma rangi. Chokaa inapumua, saruji inaziba, kwa hiyo unyevu unatafuta pa kutokea juu zaidi.

Pima kabla ya kuvunja. Bandika nailoni ya sentimita 50 kwa 50 ukutani, ziba kingo zote nne kwa selotepu, uache saa 48. Umande ukiwa upande unaotazama ukuta, maji yanatoka ukutani. Ukiwa upande wa chumbani, huo ni mvuke wa ndani na dawa yake ni kupitisha hewa.

Halafu toka nje. Udongo unatakiwa uwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani, na kwenye nyumba za zamani mara nyingi umeshapandishwa kwa kifusi, bustani au saruji ya uani. Angalia pia mfereji wa paa unamwaga wapi. Hayo yasiporekebishwa, kazi ya ndani ni kupoteza hela.

Baada ya hapo zima mein swichi, bandua lipu hadi sentimita 30 juu ya alama ya mwisho ya unyevu, yaani mita 1.3. Tumia tindo na nyundo nyepesi, maana ukipiga kwa nguvu mawe yanalegea. Chumvi ipigwe brashi kavu na kuzolewa. Usioshe! Maji yanaiyeyusha na kuirudisha ndani.

Uache ukuta wazi wiki kadhaa, kisha piga lipu ya chokaa moja kwa mchanga tatu, mikono miwili ya milimita 10. Lowesha ukuta kabla, chora chora mkono wa kwanza ili wa pili ushike, na uukinge na upepo, kwani chokaa ikikauka haraka inapasuka. Ukitoa milango una kama mita za mraba 9.4: ndoo 10 za lita 20 za mchanga, za chokaa tatu na kitu. Ongeza sehemu ya kumi ya upotevu. Juu yake paka rangi ya chokaa.

Msasa120
Nakubali yote isipokuwa hilo la mwisho. Korido ni mahali pa mabega na mifuko. Rangi ya chokaa itawapaka watu nguo. Weka ya silikati. Inapitisha unyevu na haifutiki, ila inashika kwenye lipu tupu tu, si juu ya puti wala rangi ya zamani. Mikono miwili, lita 4 zinatosha.

Sehemu ya juu, kama lipu ni nzima, ndipo puti ifanye kazi: isizidi milimita 2 kwa mkono, ikauke, msasa 180, praima, kisha rangi ya maji inayooshika mikono miwili. Ni mita za mraba kama 14, kwa hiyo lita 3 za rangi. Dari, lita 1 na nusu.

Milango ndiyo ya kuogopa. Rangi ya mafuta ya zamani ichukulie kuwa ina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Marekani waliizuia majumbani mwaka 1978. Usipige msasa mkavu wala kuichoma kwa moto. Lowesha, tumia msasa wa maji, vaa barakoa ya vumbi laini, na watoto wasiwepo.

Timazi
Sakafu: usilaze juu ya vya zamani. Kigae milimita 9 na gundi 4 ni 13, wewe una 12. Mlango utakwama, na vile vinavyolia debe tupu vimeshaachia, vitang'oka pamoja na vipya juu yake. Ng'oa. Nunua mita za mraba 6.2, ambazo ni 5.6 na asilimia 10 ya kukata. Kwa mwiko wa meno ya milimita 10, gundi ni kama kilo 5 kwa mita ya mraba. Panga vikavu kwanza ukianzia mlangoni, ili vipande vya kukata viishie mwisho wa korido.

Mpangilio: nyaya, lipu, dari, ukuta, sakafu, mwisho skatingi na milango. Ndoano sentimita 165 kutoka chini, kabati la viatu lisizidi kina cha 30 ili njia isipungue mita 1. Kwenye lipu ya chokaa toboa kwa drili bila mpigo wa nyundo, plagi iingie hadi kwenye jiwe.

Kizingiti
Shukrani wakuu. Na zulia la mlangoni, kwa hizo milimita 12?

Timazi
Amua sasa, kabla ya kununua gundi. Chagua zulia, pima unene, na sehemu hiyo ishushwe kwa unene huo wakati wa kusawazisha sakafu, na kingo zake zishikwe na fremu ya alumini.