Ajenti wa bima Mombasa, acheni kuwauzia wapanda milima karatasi ya viza

BAMBURI_MLIMANI ameandika:

Ndugu zangu, uzi huu ni wa hasira na nimeufungua makusudi. Kuanzia Nkrumah Road hadi Moi Avenue, na siku hizi hata kwa WhatsApp, mtu akisema anakwenda Nepal kutembea milimani, au anavuka Taveta kwenda kupanda Kilimanjaro, anaulizwa mambo matatu tu: nchi gani, siku ngapi, umri wako. Analipa kwa M-Pesa na cheti kinaingia kwenye barua pepe papo hapo. Hakuna aliyemuuliza atafika mita ngapi. Hakuna aliyemuuliza kama kuna kamba au barafu njiani. Kile ni cheti cha kumridhisha afisa wa viza, na mtu anapanda nacho mlima akiamini ana kinga.

Fungueni hati kamili ya mkataba, msiishie kwenye kile cheti cha ukurasa mmoja. Nendeni sehemu ya mambo yasiyolipiwa, mtafute kupanda milima. Hati nyingi zimeandikwa hivi au karibu na hivi: kampuni hailipi madhara yatokanayo na kupanda mlima ambako kwa kawaida kunahitaji kamba au kiongozi. Hapo penye "au kiongozi" ndipo watu wanapoangamia. Kilimanjaro haipandwi bila kiongozi mwenye leseni, sheria ya hifadhi haikubali. Nepal nayo, tangu tarehe 1 Aprili 2023, imewataka wageni watembee na kiongozi kwenye njia nyingi za milimani. Basi serikali ya huko inakulazimisha kuwa na kiongozi, na mkataba uliouziwa hapa unasema mlima unaohitaji kiongozi haulipiwi. Ajenti anayeuza mkataba huo kwa mtu aliyemwambia wazi kwamba anakwenda Kilimanjaro, anamuuzia nini?

Tuje kwenye mita. Bima zinazokubali matembezi ya milimani huweka kikomo cha urefu: nyingine 3,000, nyingine 4,000 au 4,500, na zile pana 6,000. Kinachohesabiwa ni sehemu ya juu kabisa utakayokanyaga, si pale utakapolala. Kambi ya chini ya Everest iko mita 5,364, lakini karibu kila ratiba inawatoa watu alfajiri kutoka Gorak Shep, kijiji cha mwisho cha kulala, kwenda kilima cha Kala Patthar, ambako ni zaidi ya 5,500. Anayezunguka milima ya Annapurna, Nepal hiyohiyo, anapita njia ya juu ya Thorong La, mita 5,416. Hata kambi ya chini ya Annapurna, ambayo watu huiita njia nyepesi, iko 4,130, na mlima Toubkal wa Morocco ni 4,167. Mwenye bima ya 4,000 amekosa kwa mita mia na kitu, na kwenye madai mita mia zinatosha kabisa kukunyima. Kilimanjaro ndiyo inayoniudhi zaidi kwa kuwa iko jirani. Uhuru, kilele chake, ni mita 5,895. Bima ya mwisho 5,000 inakutupa kidogo tu juu ya kambi za Barafu au Kibo Hut, yaani usiku ule wa kupanda kileleni, saa ambazo mwili umechoka, baridi ni kali na hewa ni nyepesi kuliko wakati wote wa safari.

Na urefu peke yake hautoshi. Kilele cha Margherita kule milima ya Rwenzori ni mita 5,109, iko ndani ya kikomo cha 6,000, lakini pale juu kuna barafu, kamba na miiba ya chuma ya kufunga viatuni. Hiyo si matembezi tena mbele ya bima, ni upandaji mlima. Island Peak ya Nepal ni 6,189, nayo inakataliwa kwa sababu zote mbili. Kuna pia mtego wa nyongeza ya michezo ya theluji, ambayo mtu huuziwa akiambiwa "hii ni ya milimani". Ile ni ya kuteleza kwenye theluji mahali palipotengwa. Haina habari na mtu anayetembea kwa miguu mita 5,000.

Sasa swali ambalo ajenti wengi hawalijui: je, ugonjwa wa mwinuko, ule unaompata mtu kwa kupanda juu sana, unalipiwa kama ugonjwa? Bima nyingi za bei nafuu zina fungu nono la ajali, na ndilo linaloandikwa kwa herufi kubwa. Mapafu kujaa maji au ubongo kuvimba kwa sababu ya urefu ni ugonjwa. Hujaanguka wala hujavunjika, hivyo fungu la ajali halikuhusu. Hati nyingine zinautaja ugonjwa huo moja kwa moja katika yasiyolipiwa. Ukiulizwa ni jambo lipi hasa linawashusha watembeaji wa Khumbu, eneo la Everest, kwa helikopta, ni hilo, kuliko kuvunjika mguu. Sisi tunatoka usawa wa bahari. Ndege ya Lukla, pale safari ya Everest inapoanzia, inamtua mtu mita 2,860, na baada ya siku mbili yuko mji wa Namche, 3,440.

Kuhusu pesa, msidanganywe na jumla iliyoandikwa juu. Tafuteni kifungu cha kuokolewa na kuhamishwa, kwa sababu mara nyingi kina kikomo chake kidogo ndani ya ile jumla kubwa. Hati inaweza kutangaza matibabu ya dola 100,000 na humo ndani uokoaji ukawa dola 5,000, na kumtafuta aliyepotea kukawa hakuna kabisa. Kutafutwa, kuokolewa mlimani, kuhamishwa hospitali hadi hospitali, na kurudishwa nyumbani ni mambo manne, kila moja na kikomo chake. Someni pia ile sehemu ya kwanza ya gharama unayojilipia mwenyewe. Kurudisha maiti nako kuangaliwe vizuri na jamaa wa nyumbani, hasa kwetu ambako mazishi hayangoji: kampuni ina wajibu wa kusafirisha, au ina hiari ya kulipia maziko hukohuko?

Wanaokwenda Ulaya wasijione salama. Sharti la viza ya Schengen ni bima ya angalau yuro 30,000, ya matibabu ya dharura, hospitali na kurudishwa nyumbani, nchi zote za Schengen. Sharti hilo halisemi lolote kuhusu kutolewa kwenye korongo la mlimani. Njia ya kuzunguka mlima Mont Blanc inapita Ufaransa, Italia na Uswisi. Upande wa Ufaransa uokoaji wa mlimani kwa kawaida hautozwi, ukivuka Uswisi helikopta ina bili. Njia ni moja, mguu ni mmoja, na bili inategemea umeteguka upande gani wa mpaka.

Na msifiche maradhi, tafadhali. Presha, kisukari na pumu viandikwe kwenye fomu hata kama ajenti anasema "acha tu, itapandisha bei". Yeye hatakuwepo siku kampuni itakapoomba faili lako la hospitali. Watu wa Pwani nawaomba zaidi kuhusu selimundu (sickle cell). Wenye ugonjwa wenyewe wasipande bila daktari kuwaruhusu. Hata anayebeba chembe ya kurithi ya ugonjwa huo tu bila kuumwa anaweza kupata madhara ya wengu kwenye urefu mkubwa. Kipimo ni cha damu, kinafanyika hapahapa mjini, na majibu yake yaandikwe kwenye fomu.

DESKI_LA_MADAI ameandika:

Mleta uzi, sehemu kubwa umesema kweli. Naongeza upande wa madai, kwa sababu hata mwenye bima sahihi hunyimwa.

Jambo la kwanza ni idhini. Mikataba mingi inataka kituo cha dharura cha saa 24 kipigiwe kabla helikopta haijaruka, isipokuwa mgonjwa yuko katika hali ya kufa. Nepal mashirika ya helikopta hayaruki bila dhamana ya malipo: barua ya bima, kadi ya benki, au ahadi ya kampuni ya safari. Kiongozi akiita helikopta kwa rafiki yake kwanza, kisha bima ikaarifiwa jioni, mmeshatengeneza deni la maelfu ya dola. Namba ya kituo na namba ya mkataba ziwe kwenye karatasi mfukoni mwako, mwa kiongozi, na kwa mtu aliyebaki nyumbani. Simu inazima chaji kwa baridi. Mkipiga, semeni kwa mpangilio: jina na namba ya mkataba, mahali na mita, dalili zilianza saa ngapi, oksijeni ya damu inasoma ngapi, dawa gani imetolewa, kama mgonjwa anaweza kutembea, na namba ya kupigiwa. Piga mapema asubuhi. Mchana mawingu hufunga mabonde na rubani hawezi kuja hata idhini ikiwepo.

La pili ni ushahidi. Mwaka 2018 serikali ya Nepal ilichunguza ulaghai wa uokoaji: watembeaji wenye maumivu madogo walishawishiwa wapande helikopta, na safari moja yenye abiria kadhaa ikatozwa kwa kila bima kama safari nzima. Tangu hapo kampuni zinapekua kila bili. Ukishushwa, dai karatasi ya daktari yenye saa na vipimo. Chama cha uokoaji cha Himalaya kina zahanati Pheriche na Manang katika misimu ya matembezi. Dai pia orodha ya abiria wa helikopta, bili iliyoandikwa namba ya ndege, ilikotoka na ilikotua, na karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali. Usitie saini bili ambayo haijajazwa.

Nami nawatetea ajenti kidogo: wengi hawajaonyeshwa hati kamili na kampuni zao, wanapewa kipeperushi na jedwali la bei.

TAVETA_HADI_MOSHI ameandika:

Kilimanjaro kuna dhana moja lazima ivunjwe. Ndani ya ada za hifadhi kuna ada ya uokoaji, na watu hudhani hiyo ndiyo bima. Ile inahusu kushushwa na kikosi cha hifadhi, kwa machela ya gurudumu, mpaka njia ya gari au lango. Kuanzia hapo, gari la wagonjwa, kitanda cha hospitali ya KCMC pale Moshi, picha ya kifua, na kurudishwa Mombasa ni juu yako. Helikopta ni huduma ya kulipiwa, na bila dhamana haiji.

Uanachama wa ndege za wagonjwa nao una mipaka. Ndege ya namna hiyo inatua kwenye kiwanja. Itakuchukua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, haitakuchukua kambi ya Barafu. Ni kitu kizuri kuwa nacho juu ya bima, si badala ya bima.

Na ratiba yako ni sehemu ya mkataba, kwa sababu hati nyingi zinataka mwenye bima achukue tahadhari za kawaida. Ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila siku tatu au nne upumzike. Njia ya Marangu ya siku tano inavunja kanuni hiyo waziwazi: kulala Horombo 3,720, Kibo Hut 4,720, kilele usiku uleule. Mtu wa Mombasa achukue siku saba au nane, njia ya Lemosho au ya Machame kwa mwendo wa taratibu, hata kama ni ghali zaidi.

BAMBURI_MLIMANI ameandika:

Deski, nakubali kuhusu vipeperushi, lakini ajenti anayepewa kipeperushi ana mdomo wa kuomba hati kabla ya kuchukua pesa ya mtu. Kamisheni anaipokea kwa kujua anachouza.

Kabla ya kulipa, andikeni barua pepe kwa kampuni yenyewe, si kwa ajenti, na mwambatanishe ratiba ya siku kwa siku yenye mita. Ulizeni hivi, mkanakili kama yalivyo:

"Nitatembea kwa miguu nikiwa na kiongozi mwenye leseni, sehemu ya juu kabisa ikiwa mita (jaza). Je, kifungu cha kamba au kiongozi kinanihusu? Je, ugonjwa wa mwinuko unalipiwa kama ugonjwa hadi urefu huo? Kikomo cha helikopta ni kiasi gani, na cha kutafutwa ni kiasi gani? Kituo cha dharura kinalipa moja kwa moja au nalipa kisha nadai? Maradhi niliyoyataja yamekubaliwa? Naomba jibu likitaja namba ya kifungu."

Wakijibu kwa simu, waambieni waandike. Wakisema "usijali, inakava kila kitu", ondokeni hapo. Jibu lililoandikwa ndilo la kupeleka kwa Mamlaka ya Kusimamia Bima, IRA, kampuni ikigeuka baadaye. Lalamikeni kwanza kwa kampuni kwa maandishi, mtunze tarehe, ndipo mwende IRA na nakala zote.

Wanaotaka kununua kwa kampuni za ng'ambo, angalieni kwanza wanakubali mkaazi wa Kenya. Nyingi zinauza kwa wakaazi wa nchi zao tu, mtandao utapokea kadi yako bila kuuliza, na makazi yatakaguliwa siku ya dai. Kadi ya bima ya kazini nayo muulizeni afisa rasilimali watu inafika nchi gani. Nyingi zinaishia Afrika Mashariki, na hata humo zinalipa hospitali, si mlima.

Mwenye hati ambayo haina hilo neno "kiongozi", na inafika mita 6,000, na inauzwa na kampuni yenye leseni hapa Kenya, aweke kifungu chenyewe hapa chini, neno kwa neno. Matangazo ya ajenti nitayaripoti.