Vihusishi vya mwendo kwenye Kiingereza: kuna utaratibu au ni kukariri tu?

mwl_kizota

Habarini wadau. Nafundisha Kiingereza kidato cha kwanza hapa Dodoma na sasa tuko kwenye mada ya kuelekeza njia. Wanafunzi wametoka shule za msingi zinazofundisha kwa Kiswahili. Maneno wanayo, ila kihusishi kinachofuata kitenzi ndicho kinachowaangusha. Kwenye madaftari yanajirudia haya: "We arrived to Dodoma", "He entered in the room", "I climbed the daladala", "She is going to home", "They left to Iringa". Nikisahihisha leo, wiki ijayo yanarudi yaleyale. Kuna utaratibu unaoweza kuwaingia, au kila kitenzi kikaririwe na kihusishi chake? Naomba mifano ya hapahapa.

stesheni_zuzu

Mwalimu, karibu makosa yote hayo yana mzizi mmoja. Kiswahili huweka uelekeo ndani ya kitenzi: ingia, toka, panda, shuka, vuka, pita, zunguka. Ukishasema "ingia", mwelekeo umeshajulikana. Kiingereza cha kila siku hugawa kazi hiyo mara mbili: kitenzi kinaeleza namna mtu anavyokwenda, kihusishi kinaeleza anakoelekea. Sisi tunasema "alivuka barabara mbio". Wao "She ran across the road". Mwanafunzi akiandika "She crossed the road running" hajavunja sarufi, lakini sikio la mwenye lugha litashtuka.

Kwa hiyo anza na zoezi la kugeuza. "Aliingia darasani akinyata" iwe "He tiptoed into the classroom". "Alishuka kilima kwa baiskeli" iwe "He cycled down the hill". "Tulitoka Nyerere Square mpaka soko la Majengo kwa miguu" iwe "We walked from Nyerere Square to Majengo market". Waone kwamba lile neno la mwisho la Kiswahili, akinyata, kwa baiskeli, kwa miguu, ndilo linalogeuka kuwa kitenzi, na kitenzi chetu kinageuka kuwa kihusishi. Hapo ndipo penye kazi kubwa; wakipapata, mengine yanafuata bila kusukumwa.

Kisha kuna kundi dogo la vitenzi vya Kiingereza vyenye tabia kama vyetu, yaani uelekeo umo ndani: enter, reach, approach, cross, leave. Hivi havitaki kihusishi. "Enter the room", "reach Dodoma", "approach the roundabout". Mwanafunzi anaandika "enter in" kwa sababu anajua "go in", anaona maana ni ileile, basi anavipa vyote "in". "Enter into" ipo, ila ni ya mikataba na makubaliano, si ya kuingia chumbani.

Arrive hakimo kwenye kundi lolote kati ya hayo, kifundishe peke yake. Chenyewe hutazama mahali ulipo ukishafika, ndiyo maana kinachukua vihusishi vya kukaa: "arrive in" kwa mji au nchi, "arrive at" kwa kituo, shule au jengo. Treni ya SGR "arrives in Dodoma" ukifikiria mji, "arrives at the station" ukifikiria stesheni. Anayetaka sana "to" atumie get: "We got to Dodoma at noon".

mkalimani_dom

Naongezea hiyo "climbed the daladala". Kwetu kupanda ni kulekule, mti, mlima, basi. Climb kinabaki kwenye mti na mlima. Vyombo vya usafiri vina get on na get in.

Kipimo: chombo ambacho mtu anaweza kusimama na kutembea ndani yake (basi, treni, meli, ndege), au anachokikalia kwa juu (bodaboda, baiskeli, punda), ni "get on". Chombo unachoingia na kuketi moja kwa moja, kama gari dogo, teksi au bajaji, ni "get in". Hiace itawachanganya kwa sababu humo mtu huinama, lakini kwa kuwa ni usafiri wa njia maalumu unaobeba yeyote, inafuata basi: "get on". Lori lina majibu mawili. Ukiketi na dereva, "get in the lorry". Ukikaa nyuma juu ya mzigo, uko "on the back".

Kushuka kunafuata jozi ileile bila kukosea: aliyepanda kwa on anashuka kwa off, aliyepanda kwa in anashuka kwa out of. "Get off the bus", "get out of the bajaji". Hata ajali inafuata hivyo: "He fell off the bodaboda", lakini "He fell out of the bajaji". "Get down from the bus" inasikika sana huku kwetu. Kwenye insha isahihishe.

Na usafiri wenyewe: "by bus", "by train", lakini "on foot". Ukitaja chombo cha nani, by inaondoka: "in my uncle's car", "on his motorcycle".

mwl_kizota

Nashukuruni sana, hiyo jozi ya on na off nitaitumia kesho. Nisaidieni na "pita". Wanaandika "The bus passes Morogoro" kwa kila hali. Na "left to Iringa" nieleze vipi?

stesheni_zuzu

"Passes Morogoro" inamfanya msomaji aone basi linaupita mji kwa kando. Likiingia mjini na kutokea upande wa pili, "goes through Morogoro". Through inataka kitu kinachokuzunguka: mji, umati, mlango, mahandaki ya reli kule Kilosa. Past ni kitu unachokiacha pembeni, na ndiyo nguzo ya kuelekeza njia: "Go past the petrol station". Along ni kufuata urefu wa barabara au mto. Over ni kupita juu, kwa mfano barabara ya Iringa inavyopita juu ya bwawa: "The road goes over the dam at Mtera".

Across na through ndizo zinazogombana. Chukua shamba moja la uwele. Likishavunwa, mtu anakatiza "across the field", maana ni uwazi tu, kutoka upande huu hadi ule. Uwele ukiwa umesimama kupita kichwa, mtu huyohuyo kwenye shamba lilelile anapita "through the millet". Wachoreshe picha mbili ubaoni, inatosha.

Leave tayari kimebeba "toka", kwa hiyo unakotoka hakuhitaji kihusishi na unakokwenda kunachukua for: "They left Dodoma for Iringa". "Left to" ipo ikifuatwa na kitenzi, kueleza sababu: "They left to buy water". Na "The bus leaves from Nanenane" ni sahihi, kwa sababu pale unataja kituo cha kuanzia safari.

dada_chamwino

Hamjagusa home. Home, here, there, abroad, upstairs huchukuliwa kama mwelekeo wenyewe, hivyo to haiingii: "She is going home". Nyumba ikipata mwenyewe, to inarudi: "She is going to her aunt's house".

Mwalimu, angalia pia kauli yetu ya kutendea. "Kumrushia" kwa Kiingereza kuna njia mbili zenye matokeo tofauti. "He threw the ball to me" ni anipe nidake. "He threw the stone at me" ni kunilenga aniumize. Vivyo hivyo "shout to", kumwita aliye mbali, na "shout at", kumfokea. Hili likikosewa kwenye barua ya malalamiko linabadilisha kesi nzima.

Mwisho ni "been to" na "gone to". Juma "has gone to Kondoa" bado yuko huko au njiani. "Has been to Kondoa" alishakwenda akarudi. Mwanafunzi akiulizwa "Where is the headmaster?" na mkuu hajarudi, asijibu "He has been to Bahi".

mkalimani_dom

Kwenye kuelekeza njia utahitaji pia "drop off" na "pick up". Hapa off na up si vihusishi, zinaambatana na kitenzi, na kiwakilishi lazima kikae katikati: "Drop us off at the roundabout", "Pick me up at four". "Drop off us" ni kosa. Get on ni tofauti, pale on ni kihusishi halisi: "The bus is here, get on it". Kikitumika jina badala ya kiwakilishi, pande zote zinakubalika: "drop the passengers off", "drop off the passengers".