Tupeane uzoefu: kozi ya utafiti umemaliza, makala iko wapi?

Mtoa mada: Wakuu, poleni na zamu. Matangazo ya kozi za utafiti kwa madaktari wachanga hayaishi: wiki mbili, cheti, picha ya pamoja. Waliozipitia nawajua wengi, waliochapisha ni wa kuhesabu. Mliofika hadi kwenye jarida, nini hasa kiliwafikisha? Na mliokwama, ni wapi?

Anayesomea ubingwa wa watoto: Mimi ni alasiri ya Jumatano. Programu yetu ilitaka siku hiyo simu ya wodi ashike mwenzako, wewe ukae na data yako. Alipokuja mkuu mpya wa idara, utaratibu ukabaki kwenye karatasi na makala zikakauka. Walimu wale wale, mihadhara ile ile. Mtu akiniambia vijana hawana ari, nacheka tu.

Intani: Alasiri kabisa? Sisi takwimu tunafundishwa usiku, tumetoka zamu. Nusu ya darasa imelala, na mwalimu naye anapiga miayo.

Daktari wa upasuaji: Kwangu alikuwa msimamizi anayesoma. Nilimpelekea andiko la wagonjwa 500 kutoka vituo vitatu, akauliza swali moja: "Nani atafungua hayo mafaili?" Tukalipunguza hadi swali dogo: mgonjwa wa ngiri iliyobana anakaa saa ngapi tangu afike mapokezi hadi apasuliwe. Saa ya kuanza upasuaji ipo kwenye daftari la thieta. Ya kufika ndiyo ilitutesa, maana mafaili mengine yameandikwa "asubuhi", basi. Hatukukisia. Tulitaja ni mafaili mangapi hayana saa na tukaeleza tulivyoyashughulikia, kama unavyotaka mwongozo wa STROBE wa 2007, ule wa kuripoti tafiti za kuangalia tu bila kuingilia matibabu. Mwongozo huo usomeni kabla ya kutengeneza fomu ya kukusanya data. Wengi wanaufungua siku ya kutuma makala, wakati kilichokosekana hakipatikani tena.

Daktari wa magonjwa ya ndani: Hamjagusa majina. Kwetu bosi anawekwa mwandishi hata kama muhtasari hajausoma. Masharti ya kuitwa mwandishi ya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ni manne na yote lazima yatimie: kuchangia kazi kwa kiasi kikubwa, kuandika au kuihakiki kwa kina, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika kwayo. Sasa nenda kamsomee bosi.

Daktari wa upasuaji: Usimsomee, Dokta. Kwenye kikao cha kwanza, data haijakusanywa, peleka jedwali la nani atafanya nini, kila mtu ajaze safu yake. Asiyejaza anakwenda kwenye shukrani, na hakuna aliyemkatalia.

Intani: Na asiye na msimamizi anayesoma?

Anayesomea ubingwa wa watoto: Mtafute nje ya idara yako. Wangu alikuwa mtakwimu, hajawahi kugusa mgonjwa, ila rasimu inarudi ndani ya wiki imejaa wino.

Mtoa mada: Dokta wa upasuaji, ile fomu ya ngiri unaweza kuiweka hapa?

Daktari wa upasuaji: Ikiwa tupu, naiweka kesho.