Mrejesho: Nimepata pa kusomea semiotiki

Ndugu zangu, niliwauliza kama mwenye shahada ya Kiswahili anaweza kusomea uzamili wa semiotiki, taaluma ya ishara, ili achambue kanga. Anaweza! Nimepokelewa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, alikofundisha Juri Lotman, mwanazuoni mashuhuri wa semiotiki. Jarida lao la semiotiki linatoka tangu 1964. Kozi ni ya miaka miwili, kwa Kiingereza.

Usaili ulinitoa jasho. Nikatandaza kanga ya marehemu bibi mbele ya kamera: pindo, mji, na jina, "Mtasema mchana usiku mtalala". Nikaeleza alivyojifunga siku jirani aliyemsengenya alipokuja kuazima chumvi. Bibi hakufungua mdomo, jirani akasoma, akaaga.

Mlionishauri nianzie kwenye nguo na siyo nadharia, asanteni sana. Sasa nahangaikia viza.